Manitoli au maji ya chumvi kali: mtoto kaumia kichwa na Mombasa iko mbali

Msimu wa maembe ukiingia Malindi, chumba cha dharura hujua kabla ya sokoni. Mmoja kateleza tawini akiangua, mwingine alikuwa chini anaokota na nduguye akamdondokea. Miezi mingine ni bodaboda iliyopakia wanne huku helmeti ikining'inia kwenye usukani, au dafu lililoanguka lenyewe mchana kweupe. Wenzetu wa Lamu wana teke la punda, na yale mapaa ya ghorofa ambako watoto hurushia tiara jioni.

Wengi wao hulia, hutapika mara moja, huangaliwa hadi asubuhi wakaenda zao. Ninayemwandika hapa ni yule anayeingizwa amelegea begani mwa mjomba wake. Ukimwita hafungui macho. Ukimfinya, mkono badala ya kukusukuma hujikunja kifuani, au hunyooka kama mpini. Alama zake za Glasgow, yaani kipimo cha fahamu kwa macho, maneno na mikono, ni 8 au chini yake. Kwa mtoto huyo swali hufika kabla ya gari la rufaa: tumtundikie chupa gani?

Chupa zenyewe ni mbili. Ipo manitoli ya asilimia 20, aina ya sukari ambayo mwili hauitumii kama chakula. Yapo pia maji ya chumvi ya asilimia 3, chumvi ile ile ya dripu ya kawaida ya asilimia 0.9, ila imekolezwa zaidi ya mara tatu. Zote ni angavu kama maji ya mvua, na ukibandua lebo hakuna atakayezitofautisha kwa macho. Mimi ni tabibu, zamu za usiku nimezikesha miaka mingi, na nimezitundika zote mbili. Msimamo wangu nautaja mapema ili asiye na muda asisome hadi chini: kwa mtoto, na hasa mtoto mwenye safari ya barabara mbele yake, naanza na chumvi. Manitoli nayo ina siku yake.

Fuvu halitanuki

Ndani ya fuvu mna vitu vitatu: ubongo wenyewe, damu, na maji yanayouzunguka ubongo. Ubongo ukivimba, au damu ikivuja na kuganda, kimoja kati ya hivyo lazima kipishe. Mwanzoni maji husukumwa kwenda kwenye uti wa mgongo, na damu ya mishipa inayorudi moyoni hukamuliwa nje. Ndiyo maana mtoto anaweza kuonekana afadhali saa mbili za kwanza. Nafasi hiyo ikishakwisha, uvimbe mdogo tu hupandisha shinikizo kwa kasi. Mtoto mchanga ana utosi usiofunga na viungo vya fuvu vinavyoachia kidogo, kwa hiyo huchelewa kuonyesha dalili. Pitisha kiganja utosini: ukiwa umejaa na kukaza akiwa ameinuliwa na halii, hiyo ni habari mbaya.

Kwa watoto, shinikizo la ndani ya fuvu linalozidi milimita 20 za zebaki huhesabiwa kuwa la kutibiwa. Namba inayonikosesha usingizi, hata hivyo, ni nyingine. Chukua wastani wa presha ya damu, toa shinikizo la fuvuni: kinachobaki ndicho kinachousukumia ubongo damu. Kwa mtoto kisishuke chini ya 40. Ni hesabu ya kutoa ya darasa la pili, na ndiyo inayoamua ulinganisho huu wote. Unaweza kushusha shinikizo la fuvuni kwa ustadi, kisha ukaiangusha presha ya damu kwa dawa ile ile, na ubongo ukakosa damu kama vile hukufanya kitu.

Kuna vitanda duniani ambapo waya huingizwa fuvuni na namba hiyo husomwa kwenye kioo. Kitanda chetu hakina waya, sisi husoma mboni. Tusijidharau sana kwa hilo. Mwaka 2012 ulitoka utafiti wa Bolivia na Ecuador, wagonjwa 324 wa miaka 13 na kuendelea. Nusu walitibiwa kwa kufuata waya, nusu kwa uchunguzi wa mkono na picha za skani, na matokeo hayakutofautiana. Sharti ni kwamba mkono huo uwe unamrudia mgonjwa kila saa. Kumtazama saa mbili usiku na tena alfajiri si uchunguzi.

Ujazo sawa, tabia mbalimbali

Chukua mtoto wa kilo 20. Maji ya chumvi ya asilimia 3 hupewa mililita 2 hadi 5 kwa kila kilo, kwa dakika 10 hadi 20. Kwake ni mililita 40 hadi 100. Manitoli hupewa robo gramu hadi gramu moja kwa kilo. Ukichukua gramu moja, ni gramu 20, nazo zimo katika mililita 100 za asilimia 20. Kwa hiyo chupa mbili zinaweza kuingia mwilini kwa ujazo ule ule. Hata ukali wao wa kuvuta maji unakaribiana: chumvi ya asilimia 3 ina takriban vipimo 1,030 kwa lita, manitoli ya asilimia 20 takriban 1,100. Damu yenyewe iko karibu na 290. Zote mbili huikoleza damu, damu ikanyonya maji kutoka kwenye ubongo uliovimba. Manitoli huanza hata kabla ya hapo, maana huifanya damu kuwa nyepesi, mishipa ya ubongo ikajikaza, na shinikizo likashuka ndani ya dakika chache.

Tofauti huja baadaye, pale kila kimoja kinapotoka mwilini. Manitoli huchujwa na figo na haifyonzwi tena. Hutoka na mkojo ikiwa imeburuta maji na chumvi ya mwili. Chumvi hubaki kwenye damu, ikaishikilia presha. Mililita 100 zile zile, baada ya saa mbili, kwa mtoto mmoja zimekuwa mfuko wa mkojo uliojaa, na kwa mwenzake bado zimo mishipani.

Kuna jambo jingine dogo la kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Chumvi hukipenya kwa shida kuliko manitoli. Ukirudiarudia manitoli, na kizuizi chenyewe kimechanika kwa ajali, nyingine huvujia ubongoni na kuanza kuvuta maji kurudi huko huko. Dozi moja haitakuletea hilo. Dozi ya nne na ya tano ndizo za kuogopa.

Kumbe chumvi ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1919 Weed na McKibben, Wamarekani, waliwadunga paka maji ya chumvi kali mishipani wakaona ubongo unasinyaa. Manitoli ilikuja kutawala miaka ya 1960, na chumvi ikarudi mlangoni miongo ya karibuni. Namtajia hili kila kijana wa mafunzo anayeniambia chumvi ni mtindo mpya.

Safari ya mtoto wa mwembe

Miaka kadhaa nyuma, katika kituo nilichokuwa wakati huo, aliletwa mvulana wa miaka 7. Alianguka kutoka mwembe, paja limevunjika, mboni ya kulia imepanuka kama sarafu na haishtuki kwa tochi. Presha yake, ile namba ya juu, ilikuwa 86. Kwa haraka ya kichwani, ukichukua 70 ukaongeza miaka mara mbili, unapata kiwango cha chini kabisa cha umri wake, 84. Nikajiambia iko sawa. Haikuwa sawa. Paja la mtoto lililovunjika linaweza kumeza damu nyingi bila tone kuonekana shukani, na presha ya mtoto husimama imara hadi dakika ya mwisho, kisha huanguka yote kwa pamoja.

Nikatundika manitoli, gramu moja kwa kilo. Katheta, mipira ya kutolea mkojo, za saizi yake zilikuwa zimekwisha stoo, nikaona haidhuru. Ndani ya robo saa mboni ilirudi karibu sawa na mwenzake. Bibi yake, aliyekuwa amesimama kando na leso mdomoni, akaniuliza, "Mwanangu, hayo maji yamemfungua?" Nikamjibu, "Yamemsaidia, bibi, tunakwenda." Na kweli nilijiona fundi.

Tulipokuwa tunakaribia Kilifi, sista aliyekuwa nyuma ya ambulansi aligonga kioo. Shuka lilikuwa limelowa chapachapa hadi godoro. "Daktari, sitini." Namba ya juu ya presha, sitini. Tukasimama kando ya barabara tukafungua dripu ya chumvi ya kawaida mbio mbio, tukaipata themanini na kitu, tukaendelea. Alifika Mombasa hai. Lakini zile dakika ishirini za sitini hakuna anayeweza kuzirudisha, na hesabu yangu ya kutoa niliikosea mimi mwenyewe, si stoo.

Tangu siku ile nauliza swali moja kabla ya jingine lolote: je, mtoto huyu anavuja damu mahali pengine? Tumbo limekaza, paja limevimba, nyonga inalegea, mikono baridi, moyo unakimbia? Jibu likiwa ndiyo, au likiwa sijui, manitoli hainyanyuki kwenye toroli. Chumvi hutibu vyote viwili, kichwa na presha, kwa pamoja. Na mtoto aliyedondoka mtini au kugongwa na pikipiki, mara nyingi jibu la kweli ni "sijui".

Ushahidi una uzito gani

Hapa wanaoitetea chumvi hujitapa kupita kiasi. Mwongozo wa Marekani wa kutibu majeraha makali ya ubongo kwa watoto, uliotolewa upya mwaka 2019 na Brain Trauma Foundation, unapendekeza chumvi ya asilimia 3 kwa shinikizo lililopanda, kwa dozi niliyoitaja. Kuhusu manitoli ulisema kwamba inatumika sana, ila hakukuwa na utafiti wa watoto uliokidhi vigezo vyake. Soma vizuri. Haukusema manitoli imeshindwa. Ulisema haikupimwa ipasavyo.

Baadaye ukaja uchambuzi wa mwaka 2022, uliotokana na watoto 1,000 walioandikishwa katika hospitali za nchi kadhaa. Hawakupigiwa kura nani apewe nini, madaktari walichagua wenyewe. Kwa hesabu ghafi chumvi ilishusha shinikizo la fuvuni na kupandisha msukumo wa damu ya ubongo, manitoli ikapandisha msukumo tu. Hesabu ziliporekebishwa kwa ukali wa ajali na mengineyo, tofauti ilififia, ila ilibaki upande wa chumvi pale shinikizo lilipokuwa juu hasa. Kwa hiyo chumvi inaongoza, lakini kwa shingo, kama ngalawa mbili zinazokaribia mwisho wa mashindano. Mimi siichagui kwa sababu ya shingo hiyo. Naichagua kwa sababu ya barabara.

Nyumbani kwetu hapa Pwani nako kumewahi kupimwa. Kilifi, watafiti waliwawekea kipimo cha fuvuni watoto 23 waliozimia kwa malaria ya ubongo, matokeo yakachapishwa 1997. Manitoli ilidhibiti shinikizo kwa waliopanda wastani. Kwa waliopanda vibaya sana haikuzuia lolote. Miaka kumi baadaye utafiti wa Uganda wa watoto 156 haukuona faida ya kuongeza manitoli kwenye tiba ya malaria ya ubongo. Hiyo ni malaria, si ajali, na visivuliwe kwa wavu mmoja. Nimeitaja kwa sababu moja ya kazi za kila siku hapa: mtoto huletwa ameanguka, ana joto, kazimia. Je, alianguka ndipo akazimia, au homa ilimtia degedege akiwa juu ya mti? Toboa kidole upime malaria na sukari, yote mawili, kabla hujaanza kubishana kuhusu chupa. Sukari iliyoshuka huigiza kila kitu.

Chupa mkononi

Manitoli huganda. Si kwa joto la Malindi, utasema, lakini nenda famasia iliyowekewa kiyoyozi usiku kucha. Iinue chupa kwenye taa kabla ya kuitundika. Kama ina chembe zinazometa chini kama chumvi ya mawe, usiitundike hivyo. Itie kwenye maji ya moto, itikise hadi chembe ziyeyuke, iache ipoe hadi joto la mwili, kisha utumie mpira wenye chujio. Hiyo ni robo saa. Mboni iliyopanuka haina robo saa, kwa hiyo kagua chupa mwanzo wa zamu, si mtoto akiwa mezani.

Maji ya chumvi hayagandi. Tatizo lake ni kwamba mara nyingi asilimia 3 iliyo tayari haipo, na famasia huichanganya kutoka kwenye ampuli kali zaidi. Ampuli ya asilimia 23.4 ina milimoli 4 za sodiamu katika kila mililita moja. Mtu akiichukua gizani akidhani ni maji ya sindano, atakayezikwa ni mtoto. Ampuli hizo zifungiwe kabatini peke yake na zisikae droo moja na nyingine. Mchanganyiko ufanywe na mfamasia mchana, watu wawili wakihesabu, chupa ibandikwe lebo kubwa yenye tarehe. Ikiwa kituo chako hakina mfamasia wa kuifanya hivyo, manitoli ya kiwandani yenye lebo ni salama kuliko chumvi uliyokoroga wewe saa nane usiku. Hapo namwacha mpenzi wangu chumvi bila kigugumizi.

Mshipa: asilimia 3 inaweza kupita kwenye kanula (kimrija cha dripu) nzuri ya mkononi kwa dharura, usingoje mshipa mkubwa wa shingoni. Manitoli pia hupita hapo. Zikivuja nje ya mshipa, zote huunguza nyama, kwa hiyo jaribu kanula kwa chumvi ya kawaida kwanza na umwachie mtu mmoja kazi ya kuutazama mkono.

Maabara ndiyo inayonisumbua kwa upande wa chumvi. Dozi moja ya mililita 5 kwa kilo hupandisha sodiamu, chumvi ya kwenye damu, kwa takriban milimoli 4 kwa lita, kwa hiyo ya kwanza haihitaji kusubiri majibu. Ukirudia, au ukiiendesha polepole mfululizo, lazima sodiamu ipimwe kila saa nne hadi sita. Mwongozo unatahadharisha isikae juu ya 160 kwa zaidi ya siku tatu, maana damu huanza kuganda miguuni, na ikivuka 170 chembe za kugandisha damu nazo hupungua. Manitoli ina mpaka wake: ukolevu wa damu ukizidi 320 figo huwa hatarini. Maabara isipokuwepo kabisa, dozi moja ya chumvi naitoa kwa moyo mweupe, ya pili kwa dalili za wazi tu, ya tatu naishikia simu na Mombasa.

Mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo, au mwenye figo au moyo mbovu, hapo zote mbili zinamdhuru. Usichague kwa kufuata makala. Mpigie mkubwa wako.

Siku ya manitoli

Basi lini naitoa? Mtoto kagongwa kichwa peke yake, mwili mwingine umechunguzwa na ni mzima. Presha yake iko juu, si chini. Mapigo yamepungua hadi sitini na kitu, pumzi inakatakata, mboni moja imefunguka. Hizo ni dalili kwamba ubongo unasukumwa kwenda kwenye tundu la chini ya fuvu. Asilimia 3 haipo, au iko kituo kingine. Manitoli iko mkononi, katheta imeshaingia, na dripu ya chumvi ya kawaida iko tayari kurudisha kinachotoka. Itundike, usingoje. Kwa mtoto huyu kusubiri chumvi ni ushabiki.

Tena ipo karibu kila mahali. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu, na nimeshaikuta katika vituo ambavyo hata plasta zilikuwa za kuazima.

Na yule ambaye hana dalili za kusukumwa? Amezimia, lakini mboni sawa, presha sawa, pumzi sawa? Yeye simpi chupa yoyote kati ya hizi kwa sababu tu ana safari. Hizi si dawa za kumkinga mtu. Naziweka kwenye gari zikiwa zimehesabiwa kwa kilo zake, namba imeandikwa kwa kalamu nene kwenye chupa, na sista anajua ni dalili gani itakayomfanya afungue. Kama mizani haipo, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 10 chukua umri, ongeza nne, zidisha kwa mbili: wa miaka 6 ni kilo 20. Watoto wetu wengi ni wepesi kuliko hapo, kwa hiyo mtazame pia kwa macho.

Kutoka Lamu

Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, saa mbili barabara ikikubali. Anayetoka kisiwani Lamu anaanza na boti hadi Mokowe, kisha Witu, Garsen, ndipo Malindi, na bado hajafika. Pengine ipo ndege Manda, pengine haipo hadi kesho. Nguvu ya dozi moja ya dawa hizi ni ya saa chache tu, manitoli ikifika saa sita kwa bahati. Maana yake mtoto wa Lamu huenda akahitaji dozi ya pili njiani, na kwenye boti hakuna anayepima mkojo wala presha kwa usahihi, mawimbi yakigonga ubavuni. Kwake hoja ya chumvi ina nguvu mara mbili. Aliyewahi kumshika mtoto mwenye katheta kwenye boti ya injini, mfuko ukibembea, mama akiuliza kila mara, "Mwanangu ni mzima?", hatabishana nami.

Jingine ni kichwa. Kiinuliwe nyuzi 30, uso utazame mbele. Kwenye boti watu humlaza mtoto mapajani, shingo imepinda upande, mshipa wa shingo umebanwa, damu hairudi. Kunyoosha shingo hakuhitaji dawa wala maabara, na nimeona mboni ikinywea kwa hilo tu. Kola ya shingo nayo isikaze hadi ibane.

Vinavyojipenyeza kwenye mashindano

Deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Bado naikuta kwenye karatasi za rufaa, "kupunguza uvimbe". Utafiti wa CRASH, watu wazima zaidi ya 10,000, uliotoka 2004, ulionyesha dawa za jamii hiyo zikiongeza vifo kwa walioumia kichwa. Mwongozo wa watoto pia hauzitaki kwa kupunguza shinikizo. Zitoke kwenye toroli.

Kumpulizia hewa haraka haraka kwa mfuko: kunashusha shinikizo, kwa kubana mishipa ya damu ya ubongo. Yaani unapunguza uvimbe kwa kuufungia ubongo damu. Kwa dakika chache, mboni ikiwa inafunguka mbele yako na chupa inaandaliwa, sawa. Kwa njia nzima ya kwenda Mombasa, hapana. Mwambie anayebonyeza mfuko ahesabu kwa sauti, mikono ya mtu mwenye hofu huenda mbio bila kujua.

Kumpoza mwili: utafiti wa mwaka 2008, watoto 225 waliopozwa au kuachwa, haukuwafaidi waliopozwa, na waliokufa kati yao walikuwa wengi zaidi. Homa ishushwe, basi.

Dripu ya sukari ya asilimia 5 peke yake ni maji matupu kwa ubongo uliovimba, isipokuwa sukari imeshuka na unaitibu.

Kisha kuna woga wa dripu wenyewe. Sisi wa Pwani tulikuwa ndani ya utafiti wa FEAST, Kilifi ikiwa mojawapo ya vituo, matokeo yakatoka 2011: watoto wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi. Tangu hapo kuna wenzangu wanaomwogopea kila mtoto dripu. Lakini watoto wa ajali hawakuingizwa kwenye utafiti ule. Mtoto aliyevunjika paja na kuumia kichwa anahitaji presha yake irudi, na kumnyima chumvi ya kawaida kwa hofu ya kuvimba ubongo ni kumwua kwa upande wa pili wa ile hesabu ya kutoa.

Na kubwa kuliko chupa zote: damu iliyoganda chini ya fuvu haiyeyushwi na chumvi wala manitoli. Mtoto aliyeamka, akaongea, akaomba maji, kisha akasinzia tena, anahitaji thieta. Dawa inamvusha hadi huko tu. Piga simu Mombasa kabla ya kutundika, au mwenzio apige wakati wewe unatundika, chumba cha skani kiwe kinamngoja badala ya yeye kukingoja.

Karatasi ya rufaa

Nimepokea na nimepeleka karatasi za kila aina. Iliyo bora niliyopata kuiona ilikuwa na mistari sita, imeandikwa na sista wa zahanati moja kwenye ganda la boksi la glavu kwa sababu fomu zilikwisha. Saa ya kuanguka. Alama za Glasgow, macho, maneno, mikono, kila moja na namba yake. Mboni kulia na kushoto, kabla ya dawa. Dawa: "chumvi 3%, ml 60, saa 9:40 hadi 9:55 usiku". Mboni baada ya dawa, saa 10:10. Presha na oksijeni kila dakika 15, hadi mlango wa ambulansi. Daktari wa upasuaji aliyempokea alilisoma ganda lile akiwa anatembea, hakuuliza swali hata moja, akaelekea skani.